Miti Niliyoamuru Ipandwe

Niseme wazi tangu mwanzo. Kinamasi kilicho chini ya nyumba yangu hapa Wanyange, kando ya ziwa, hakikuuawa na tajiri, wala serikali, wala wavuvi ambao kila mtu hupenda kuwalaumu. Nilikiua mimi, kwa nia njema kabisa, na majirani zangu wote wakanisaidia.

Mimi ni askari jela mstaafu, mtu wa Teso. Miaka yangu mingi ya kazi niliimaliza Mbale, na huko nilijifunza jambo moja tu kuhusu ardhi, nikaliamini kama ninavyoiamini Biblia: mti hushika udongo. Niliona mteremko uliolimwa hadi kileleni ukiporomoka na mvua, migomba na yote, choo cha mtu kikabaki kimesimama peke yake katikati ya tope. Mteremko wa jirani yake, uliokuwa na miti, haukusogea. Basi tukawa tunawatoa wafungwa kwenda kupanda mikaratusi vilimani, na ikashika. Siku hizo nilirudi nyumbani na tope hadi magotini, nikiwa na furaha ambayo ile kazi haikuwahi kunipa siku nyingine yoyote.

Nilipostaafu mke wangu alitaka turudi kwetu Teso. Mimi nikataka ziwa. Tukapata kiwanja Wanyange, juu kidogo ya bonde lililojaa mafunjo kutoka barabara ya vumbi hadi majini. Pembeni mwa mafunjo palikuwa na chemchemi ambayo kijiji kizima kiliteka maji yake, masika na kiangazi. Jirani yangu wa chini, mama mjane, alikuwa akikata mafunjo hayo na kusuka mikeka. Hakukata sehemu moja mara ya pili mpaka mafunjo yake yawe yamerudi juu ya kichwa chake. Nilimwona akifanya hivyo miaka mitatu, na sikuwahi kumuuliza sababu. Nilidhani ni uvivu.

Kisha malori yakaanza kuja kumwaga kifusi. Mtu fulani wa mjini alikuwa ametamani viwanja karibu na ziwa, na njia rahisi ya kuvipata ilikuwa kuyafukia mafunjo kidogo kidogo mpaka watu wasahau kwamba palikuwa na maji. Nilichemka. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikawaita watu kwa mwenyekiti wa kijiji, nikasimama mbele yao na fimbo yangu ya kutembelea. Lusoga, lugha ya wenyeji wa hapa, siijui, na wao Kiteso hawakijui, kwa hiyo nikasema nao kwa Kiswahili cha kazini. Jumamosi, saa moja asubuhi, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe. Nilikwenda mwenyewe Nakaloke, karibu na Mbale, kwa rafiki yangu wa zamani mwenye kitalu, nikarudi na miche ya mikaratusi, ambayo hapa kila mtu huiita kalitunsi.

Walikuja wote. Nilikuwa nimevuta kamba, wakapanda kwa mstari ulionyooka, kuzunguka ukingo mzima na pale malori yalipokuwa yakiingilia. Hakuna aliyebisha wala kuchelewa. Dereva wa lori alipofika alikuta watu kama arobaini wamesimama na majembe, akageuza gari. Hakurudi tena. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba watu wa kawaida wakiamua, hakuna wa kuwashinda. Nilikuwa mjinga mwenye raha.

Nikaweka na sheria: atakayekata mti hapa atanijibu mimi. Haukukatwa hata mmoja.

Ile miti ilikimbilia juu kwa kasi ya ajabu. Mwaka wa nne tangu tupande chemchemi ilipungua, nikalaumu jua. Mwaka wa tano akina mama walikuwa wakiinamisha jerikeni chini ya bomba la chemchemi na kusubiri mpaka wanamaliza habari zote za kijiji, na bado halijajaa. Mafunjo yalibaki mafupi, ya manjano. Vyura walinyamaza, na mimi ambaye zamani nililalamika kwamba wananikosesha usingizi nikaanza kuwatafuta kwa masikio. Nikafikiri labda chemchemi imeziba, nikachukua jembe nikaenda kuifukua. Sikuchimba sana. Mizizi ilikuwa imejazana mle ndani, nyuzi nyuzi nyekundu, na yote ilikuwa inatoka upande wa mstari wangu.

Niliketi palepale kwenye udongo. Nilijua mara moja. Cha kilimani nilikileta kwenye maji, na hakuna siku nilijiuliza kama mti unaoshika udongo hauna kiu.

Nilishuka kwa yule mama, nikamkuta anafungasha vitu vyake. Alikuwa hajasuka mkeka tangu mvua zilizopita, kwa sababu hakukuwa na cha kusukia. Nikamweleza nilichokiona kwenye chemchemi. Hakushangaa hata kidogo.

"Afande, hata mtoto ya hapa najua kalitunsi nakunywa maji," alisema. "Sisi yote tulijua. Siku ile ile tulijua."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

Alifikiri kwanza, nadhani alikuwa anatafuta namna ya kutoniumiza. "Nani iko najibu afande? Wewe ulisimama na fimbo, naongea Kiswahili. Sisi zamani tuliona. Mtu kama naongea Kiswahili, wewe nafanya kazi yake, narudi nyumbani, nafunga mlango."

 Umri wake ni wangu. Alikuwa msichana katika miaka ile ya utawala wa kijeshi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki kwenye vizuizi vya barabarani, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sauti ile bado wanaisikia mdomoni mwangu. Mimi nilidhani wananiheshimu. Nilidhani tumekubaliana. Kumbe wale watu arobaini waliipanda ile miti huku kila mmoja anajua inachokwenda kufanya, na njia pekee ya kukiokoa kinamasi ilikuwa mmoja wao afungue mdomo mbele yangu. Mtu akiniuliza leo raia wa kawaida afanye nini kulinda mahali kama hapa, nitamwambia akae kwanza na yule anayeishi kwa mahali hapo, anyamaze, asikilize. Ushauri mzuri. Umechelewa.

Yule mama alihamia kwa binti yake kule Budondo wiki hiyohiyo.

Nilishika shoka, nikaangusha miti saba kwa siku tatu, mgongo ukanigoma. Baada ya majuma machache kila kisiki kilikuwa kimechipua fimbo nne au tano. Na wakati huo sehemu ya chini ilikuwa imekauka kiasi cha kulimika. Kijana mmoja mwenye familia alikuwa ameshapanda mahindi, mwingine ameanza kuchimba msingi wa nyumba. Yalichoshindwa malori, miti yangu ilikuwa imekifanya, tena bila kelele.

Nikaitisha mkutano mwingine, uani kwa mwenyekiti. Safari hii fimbo niliiacha nyumbani na nikakaa chini pamoja nao. Nilikuwa nimejifunza salamu na maneno kadhaa ya Lusoga, nikayasema vibaya, wakacheka kidogo, nikapata moyo. Nikawaeleza kosa langu lote bila kuficha. Nikawaambia sikuja kuamuru chochote. Nataka wao waseme: tuing'oe miti na visiki vyake, au tuache; na kama tunaing'oa na maji yakirudi, mwenye mahindi afanyweje.

Wakatazamana.  Mwenye mahindi alikuwa anatazama miguu yake. Nikamwomba mzee mmoja aliyezaliwa palepale, anayelijua bonde lile tangu lilipokuwa na nyoka na samaki wa kamongo, atoe neno lolote tu, hata la kunitukana.

Akasimama, akavua kofia. "Afande, wewe sema tu. Sisi nafanya."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, na mwenye mahindi naye akatikisa. Nilingoja mpaka mwenyekiti akaanza kutazama saa yake. Mwishowe nikawaambia waje Jumamosi, saa moja asubuhi, na mashoka na majembe, tuing'oe miti na visiki vyake. Wakaitika wote kwa pamoja. Sikuwa na hakika hata chembe kwamba nilichoamuru ni sahihi, na pale uani, kati ya watu wote wale waliokuwa wakijua, hakukuwa na hata mmoja ambaye angeniambia.