Dawa Haiombwi Kama Moto

Saa moja kasorobo asubuhi, moshi umekwisha tanda juu ya mabati ya mtaa wa Mapendo, mjini Goma. Emerance Mukantwari anainama, anapuliza matundu ya pasi yake ya makala, yaani ya mkaa, na majivu yanamrukia nywele. Anaigusisha kwenye kitambaa chenye maji. Inalia. Anaanza na kola ya shati jeupe la mwanafunzi.

Anapiga pasi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, uliovimba tangu alipokatwa titi la upande huo, una kazi moja tu: kuzuia nguo isiteleze mezani.

Mwalimu Damascène, mteja wake wa miaka mingi, amefuata suruali yake. Anaiinua kwenye mwanga na kukagua kama mkunjo wa pasi ni mmoja tu kila mguu.

"Mama Emerance, ile pantalo ya wiki jana ilikuwa na pli mbili. Batoto walinicheka darasa muzima."

"Walicheka kichwa yako, Mwalimu. Pantalo haina kosa."

Mwalimu mwenyewe anacheka. Kisha anauliza jambo ambalo inaonekana amelichunguza kwa muda. "Siku hizi hautoki tena inje kutafuta upepo. Mbele ulikuwa unatoka kila saa, jasho inatiririka. Umepona?"

Emerance anageuza shati upande wa pili. "Nimepona," anajibu.

Hajapona. Jasho limekauka kwa sababu ameacha dawa.

Nyumbani kwake, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, kuna plaketi, vile vibamba vya vidonge, za tamoksifeni, kidonge anachopaswa kumeza kila siku ili saratani ya titi isimrudie. Hajagusa hata kimoja tangu alipomzika rafiki yake Bulonza, majira ya mvua. Muuguzi wake amemsihi, amemkemea, amemsihi tena. Emerance anasema kidonge hakipiti kooni.

"Nikikiweka kwa ulimi, namuona yeye," anasema. "Naona sawa vile namunyima."

Emerance ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Kiwanja, jirani na Rutshuru, ambako mama yake aliuza maharagwe sokoni. Vita vilimkimbiza hadi Goma akiwa na watoto wawili na pasi moja. Sufuria waliziacha jikoni zikiwa na chakula. "Pasi nilibeba juu niliwaza, fasi yote mutu atakimbilia, siku ya Mungu atataka kupendeza," anasema. Siku nzuri hupata faranka elfu kumi na tano, kabla ya kutoa za makala.

Uvimbe aliugusa akioga, miaka minne iliyopita. Alifanyiwa upasuaji, na kipande cha nyama kilichotolewa kikapelekwa kupimwa ili ijulikane saratani yake ni ya aina gani. Ilionekana kuwa ni ile inayolishwa na homoni za kike. Siku ya majibu, muuguzi Kasoki alimkalisha kwenye benchi akamweleza kwa maneno ambayo Emerance anayarudia hadi leo bila kukosea.

"Kansere yako inakula homoni, Mama. Homoni inaingia kwa mulango, inailisha, nayo inanenepa. Hii tamoksifeni ni sentineli, mulinzi wa mulango. Inakaa kwa ule mulango, inazuia chakula kuingia. Sasa wewe unajua masentineli ya Goma. Akitoka kidogo kuvuta sigara, mwizi anaingia. Kwa hiyo utameza kila siku, miaka tano, pengine kumi."

Emerance alimeza. Hedhi ilikoma. Joto lilianza kumpanda kutoka kifuani hadi kwenye masikio, wakati wowote, hata mbele ya wateja. Aliacha shati katikati, akaiweka pasi juu ya jiwe la volkano, akatoka kusimama barabarani mpaka limwache. Wengine walidhani ni malaria. Mwanamke mmoja alijitolea kumwombea.

Aliyejua ukweli ni Bulonza, waliyegawana naye meza.

Bulonza alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi, Mkatoliki wa upande wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya, mkazi wa mtaa wa Keshero. Alimwita Emerance "Yaya", dada mkubwa, na hakumheshimu hata kidogo. Alidai watu wa Rutshuru huhesabu maharagwe kabla ya kupika. Emerance alimjibu kwamba watu wa Bukavu hupiga pasi upande wa mbele tu, ule unaoonekana na padri. Kicheko cha Bulonza, majirani wanasema, kilisikika mpaka kwenye bomba la maji.

Kisha yeye naye akagusa uvimbe.

Alifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata. Kipande chake pia kilitumwa mbali kwa vipimo, na akaambiwa arudi kuulizia majibu. Kabla hayajafika, mapigano yaliingia mjini. Watu walilala chini ya vitanda. Ndege ziliacha kutua. Katika siku zile Bulonza aliporwa simu, ile yenye namba aliyoiacha hospitalini.

Wapiga pasi wa Mapendo wana sheria yao, ambayo hakuna aliyewahi kuitunga. Makaa ya moto hayanyimwi. Asubuhi makala yako yakikataa kushika, unakwenda kwa jirani na koleo, unachota, unaondoka. Husemi asante, maana asante ni sawa na kukiri kwamba angeweza kukunyima. Na kilichotolewa hakirudishwi. Anayerudisha ametangaza kwamba undugu umekwisha.

Ndivyo Bulonza alivyoomba. "Yaya, ile dawa yako, nipatie kidogo. Ningojee majibu nikiwa na kitu kwa tumbo."

Emerance alichukua mkasi wa kukatia nyuzi, akaikata plaketi katikati. Wakawa wanameza kwa zamu: leo wewe, kesho mimi.

"Sikuwaza ni mubaya," anasema, akishusha sauti. "Yake ni kansere ya ziwa, yangu ni kansere ya ziwa. Moto ukigawa, wako haupunguki. Niliwaza dawa nayo ni vile."

Hakuna aliyemwambia muuguzi. Baada ya wiki chache, Bulonza naye alianza kutokwa na jasho. Wakafurahi. Wakaona dawa inafanya kazi. Siku moja joto liliwapata wote wawili kwa wakati mmoja, wakatoka kusimama barabarani bega kwa bega, wakijipepea kwa soksi za wanafunzi na kucheka hadi machozi yakawatoka.

Bulonza hakuona tena haraka ya kurudi hospitalini. Alikwenda pale tu mgongo ulipoanza kumuuma hata akashindwa kuinua pasi.

Majibu yake yalikuwa yamefika zamani. Yalikuwa yakimsubiri.

Saratani yake haikula homoni. Ilikuwa na protini nyingi kupita kiasi juu ya seli zake, inayoitwa HER2, na hiyo ndiyo iliyoisukuma ikue upesi. Aina hiyo ina dawa yake, sindano iitwayo trastuzumabu, inayoitafuta protini hiyo na kuikamata. Tamoksifeni haikuwa na la kufanya hapo.

"Sentineli alikaa muzuri kwa mulango," anasema Kasoki. "Mwizi alipitia dirisha."

Sindano hiyo haikuwapo hospitalini. Mume wa Bulonza, Jean-de-Dieu Mirindi, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, aliulizia ng'ambo ya mpaka. Akaambiwa amlete mgonjwa, apimwe kwanza moyo, maana sindano hiyo huweza kuuchosha. Jibu hilo lilipofika, ini lilikuwa limevimba na Bulonza hakuweza tena kukaa juu ya pikipiki. Alifia nyumbani Keshero, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe.

Gauni la kwaya alilozikwa nalo lilipigwa pasi na Emerance. Alilipiga mbele na nyuma.

Kwenye kilio alimvuta Kasoki pembeni. Alitaka kujua jambo moja. Je, vile vidonge vilimsaidia Bulonza hata kidogo? Ndipo muuguzi aliposikia habari ya kugawana kwa mara ya kwanza.

"Hapana, Mama," alisema. "Yeye hazikumusaidia. Na wewe ulibaki nusu."

Tangu jioni ile Emerance hakumeza tena. Hesabu aliyojipigia moyoni ni fupi. Bila vidonge vyake, Bulonza asingetulia. Angerudi kuulizia majibu mapema, wakati bado kuna muda wa kuitafuta ile sindano.

Kasoki haamini kwamba hesabu ni rahisi hivyo. Analomwambia ni moja tu. "Ugonjwa haungoje kilio kiishe. Kila wiki anayokaa bila dawa, anaufungulia."

Jumamosi, jua likiwa juu ya vichwa, Mirindi anaingia chini ya bati. Hana nguo mkononi.

"Papa Mirindi," Emerance anamsalimu bila kumtazama usoni. "Leo hauleti shati?"

"Navaa. Niko nalo." Anaketi juu ya gunia la makala bila kujali suruali yake. Anatoa mfukoni kipande cha kitenge kilichofungwa fundo, anakiweka mezani.

Emerance anafungua. Ndani kuna nusu plaketi, zimepangwa moja juu ya nyingine. Anaijua ile mikato, maana mkasi wake una pengo dogo. Hakuna kidonge kilichotolewa hata kimoja.

"Zilikuwa ndani ya sanduku yake," anasema Mirindi. "Tangu alipojua majibu, hakumeza tena."

"Lakini alipokea. Kila mara nilimukatia, alipokea."

"Angekurudishia namna gani? Na ile sheria yenu ya moto? Alisema, nikimurudishia Yaya, atazani nimemuchukia. Kila siku alisema kesho nitamwambia. Kesho ikamwisha."

"Ningezimeza," anasema Emerance. "Angerudisha tu, ningezimeza mwenyewe."

"Najua." Mirindi anajifuta uso kwa kiganja. "Mulipendana mbaya, nyinyi wawili."

Harufu ya kuungua inapanda kati yao. Emerance, ambaye wateja wanaapa hajawahi kuchoma hata leso, ameisahau pasi juu ya mgongo wa shati. Mirindi anaruka, anainyakua, anajichoma kidole. Kwa muda wanatazama wote wawili lile umbo la kahawia kwenye nguo nyeupe. Shati ni la Mwalimu Damascène.

"Atasema nilikuwa nalipiza juu ya pli," anasema Emerance, na ndipo analia.

Mirindi anamwacha alie. Kisha anaeleza kilichomleta hasa. Charline, mdogo wa marehemu Bulonza, amegusa kitu kigumu kwenye titi lake. Hataki kusikia hospitali. Alilikuta lile fundo sandukuni, akataka kuanza kumeza.

"Nilimunyanganya," anasema Mirindi. "Sasa anasema atakuja kukuomba wewe."

"Dada yake amekufa, na bado anataka hizi?"

"Anasema wewe ulipona nazo. Anasema, si Mama Emerance anapiga pasi kila siku?"

Emerance anavitazama vile vipande vya plaketi mezani. Charline, mwanamke wa miaka thelathini kule Keshero, ameutazama uhai wa Emerance na kuufanya ushahidi, na ushahidi wenyewe umeacha kumeza dawa.

Jumatatu asubuhi anampeleka Kasoki lile fundo. Muuguzi anasoma tarehe kwenye kila kipande chenye tarehe, anaweka pembeni visivyo na tarehe, anasema vilivyobaki ni vizima. Anamwambia pia lisilopendeza. Hakuna anayejua zile siku alizokosa zimemharibia nini. Atapimwa, atasubiri. Hawezi kumwahidi kitu.

"Sikuomba ahadi," Emerance anamjibu. "Nipatie maji."

Anaweka kidonge kwenye ulimi. Anakaa nacho. Kasoki anageuza macho upande wa dirisha. Mara ya kwanza kidonge kinamrudia, anakishika kwa kidole asikiteme, anakunywa tena maji, na safari hii kinashuka.

Keshokutwa atafunga kibanda na kupanda hadi Keshero kumchukua Charline. Amekwisha mtumia ujumbe kwamba watakwenda pamoja, na kwamba kitakachopimwa kwanza si uvimbe tu, ni aina yake. Kama ni ya kula homoni, daktari atasema. Kama ni ile nyingine, wataanza kuitafuta sindano siku hiyohiyo, kabla mgongo haujauma, hata ikibidi kuvuka mpaka kwa miguu.

Anajua Charline ataomba. Anajua pia jina wanalopewa wanaonyima, mchoyo, maana amelitumia yeye mwenyewe kwa wengine.

"Ataniomba hata njiani," anasema. "Nitamunyima. Atalia, nitamunyima. Na nitakaa naye kwa ile benchi mupaka munganga wa hospitali aite jina lake."