Viatu Vilivyofungwa Pea

Juzi, nikisubiri zamu kwenye duka la fotokopi Kariakoo, nilimsikia kijana muuza viatu vya mtumba akimlalamikia mwenzake: "Yule wa duka la jumla Myahudi kabisa, hapunguzi hata mia!"

Mara akaona picha ya lundo la viatu ambayo mwalimu wa sekondari alikuwa akiitolea nakala. Macho yakamng'aa.

"Shikamoo mwalimu. Huo mzigo wa mtumba umefunguliwa wapi?"

"Marahaba. Si mzigo, mwanangu. Ni viatu vya Wayahudi waliouawa kwa gesi ya sumu na Wanazi kule Ulaya. Nawapelekea wanafunzi wangu, maana nao wanatukanana 'Myahudi' kama wewe. Wayahudi hao waliambiwa wanaenda kuoga, wafunge viatu pea pea visipotezane."

Kijana akatazama pea alizoning'iniza begani, zimefungwa kwa kamba vilevile.

"Walipotoka wakavipata?"

"Hawakutoka."

Akagusa kiatu kidogo pembeni mwa picha. "Hata mwenye hiki?"

"Hata huyo," mwalimu akasema.

Tusi hilo nimelisikia tangu utotoni, na Myahudi sijawahi kumwona. Kumbe hata chuki tunavaa ya mtumba, bila kuuliza aliyeivaa kwanza.

Mwenzake akamvuta kijana shati. "Twende kwa Myahudi wako kabla hajafunga duka."

"Ana jina yule," kijana akasema. "Mwite jina lake."