Malkia Aliyevaa Lubugo ya Bibi

Shangazi hakunisalimia. Alipiga simu kutoka Kagoma saa nane mchana, mimi nikiwa chumbani kwangu Bukoba mjini natazama kura zangu zinavyopanda. "Umemvika mama yangu sanda," akasema. "Yuko hai, anakula, anatembea, wewe umemvika sanda ukamrusha kwenye kundi la familia tumpigie kura!"

Nikajua papo hapo anasema nini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Ninacheza gemu la mtandaoni lenye falme na mazimwi. Kupigana sijui, zimwi la kwanza tu linanimaliza. Ninachokijua ni kuwavika wahusika. Wenye gemu walikuwa wametangaza shindano: vazi lenye kura nyingi litaingizwa ndani, kila mchezaji aweze kulivaa. Wengi walileta yale yale, dhahabu mabegani na mabawa mgongoni. Mimi nilichora malkia mzee. Sketi ya ukindu, shanga za buni, na juu lubugo, ile nguo ya gome la mti yenye rangi ya udongo uliolowa. Uso nilimpa wa Bibi.

Lubugo nayo ilikuwa yake. Bibi ni Mkatoliki wa Kashozi asiyekosa misa, lakini chini ya kitanda ana sanduku, na humo ameweka lubugo aliyoachiwa na mama yake, azikwe nayo. Nyumbani kila mtu anajua na hakuna anayeigusa. Jumapili moja alipokwenda kanisani niliitoa nikaipiga picha, mkunjo kwa mkunjo, mpaka kiraka chake. Nilijiambia ni kitambaa tu. Uongo mtupu.

"Nakwenda Kashozi," shangazi akasema. "Nikikuta hujaitoa, nitamwonyesha mwenyewe."

Kazi yangu ingeweza kuondolewa shindanoni mpaka saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ingekuwa mali ya wenye gemu. Na mimi nilikuwa wa pili. Wa pili! Nilipanda pikipiki bila kuondoa chochote, hasira imenijaa, nikipanga majibu ya kumpa shangazi: sanaa, utamaduni, hivi na vile. Njiani majibu yakaniishia. Majuto ni mjukuu, wanasema, na siku ile mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Bibi alikuwa akimenya ndizi mlangoni mwa jiko. Shangazi alikuwa hajafika.

"Waitu, Bibi, nimekukosea," nikasema, waitu yetu ya heshima ikinitoka yenyewe, nikampa simu kabla woga haujanirudisha nyuma.

Alifuta utomvu mikononi, akaishika. Malkia alikuwa akitembea kwenye kioo, lubugo ikicheza magotini. Bibi aliisogeza simu karibu na macho.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo, Bibi."

"Na hii ni ile ya sandukuni. Kiraka hiki nilikishona mwenyewe."

"Ndiyo."

Nilingoja laana.

"Mgeuze nione nyuma." Nikamgeuza. "Mwana wange, sikutegemea kujiona nimeivaa. Hebu atembee tena."

Nilifurahi upesi mno. Nikaanza kumweleza shindano, kura, na ushindi ulivyo karibu.

"Ukishinda, hao wengine nao wataivaa?"

"Wote watakaopenda."

"Hata watoto?"

Wachezaji wengi ni watoto. Wakati nachora sikuwafikiria hata mara moja, na sasa niliwaona wakirukaruka humo, kila mmoja ndani ya nguo ya kuzikiwa. Bibi hakuniambia niondoe. Alinirudishia simu, akachukua kisu na ndizi nyingine.

Nikabonyeza kitufe cha kuiondoa kazi. Gemu likaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena, na roho iliniuma, sitadanganya.

Shangazi alipoingia uani akitweta, hakukuta cha kugombea.

Malkia nimebaki naye kwenye simu yangu. Kila nikienda Kashozi, Bibi huniomba nimwonyeshe. Humtazama akitembea mara moja, kwenda na kurudi, kisha hunirudishia simu na kusema, "Basi. Nimeshajiona."