Mbuzi wa Iftin na Sauti ya Eedo

Vishikwambi vilipoletwa shuleni kwetu hapa mtaa wa Iftin, wanafunzi wangu wa Gredi ya Saba walivipendea michezo tu. Nikiwafundisha kuandika maagizo ya kompyuta, walinakili kila kitu, na kesho yake wamesahau.

Basi siku moja nikawaambia, "Leo sina somo. Nipeni tatizo la hapa shuleni, tulitatue."

Hawakukawia. "Mbuzi, mwalimu!"

Mbuzi hao walikuwa wa jirani yetu, mama mzee ambaye mtaa mzima humwita Eedo, yaani shangazi kwa Kisomali. Ua letu la miiba halikuwazuia, na miche yetu ya mwarobaini walikuwa wakiimaliza.

Wanafunzi wakaunganisha kishikwambi na spika, ili kamera yake ikiona kitu kinasogea, king'ora kilie. Mwanzoni mbuzi walitimua mbio. Haikuchukua muda wakazoea, wakawa wanatafuna majani huku king'ora kinawalilia masikioni.

"Labda watamwogopa mwenyewe," akasema msichana mmoja mpole ambaye hakuwa na kawaida ya kunyoosha mkono. "Tumrekodi Eedo."

Akaenda na wenzake, wakarudi na sauti ya Eedo akiwaita mbuzi wake, waliyoinasa bila yeye kujua. Tukaiwasha.

Wallahi, sijawahi kuona kitu kama kile! Mbuzi walitoka kila kichochoro, wakaruka ua, wakajaa hadi mlangoni pa ofisi, wote wameikodolea macho spika. Nyuma yao akaja Eedo anahema, akilalamika kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Mwalimu! Nani nachukua sauti yangu?"

Tulicheka hadi machozi, naye akacheka ameshika mbavu. Msichana yule hakucheka. Alikuwa anawaza.

"Eedo, ukiwaita hivyo unawapa nini?"

"Nawaba maganda ya tikiti."

Msichana akatugeukia. "Basi swali letu ndilo lilikuwa baya. Tulijiuliza tutawafukuzaje. Tujiulize wanapenda kwenda wapi."

Spika ikahamia uani kwa Eedo. Wanafunzi wakawa wanapita sokoni kuokota maganda, wakampelekea, kisha wakapanga sauti ijiwashe yenyewe kabla ya saa ambayo mbuzi huingia shuleni. Walibishana, wakafuta maagizo, wakaandika upya. Mimi nilikaa dirishani, hakuna aliyeniuliza kitu, na moyo wangu ulijaa furaha. Miche ikachipua. Eedo naye akawa anawaambia majirani kwamba siku hizi anawaita mbuzi akiwa amelala.

Jumatatu moja nikamkuta msichana yule ananisubiri mlangoni.

"Mwalimu, naomba kishikwambi. Darasa letu lina joto kuliko la jirani, na mabati ni yale yale. Nataka kujua kwa nini."

"Hata mimi sijui," nikamwambia.

Akatabasamu, macho yakamng'aa. "Hapo ndipo patamu, mwalimu."