Mkwe wa Mwisho Kuwashiwa

Mama mkwe wangu haamini mtu. Kituoni anakoendesha mitambo ya umeme, mita mbili za volteji zikikubaliana, yeye bado hutoka nje kutazama taa ya uani inawakaje. Alianza pale kwa kupaka rangi nguzo, akapanda mpaka kiti anachokalia sasa. Mimi alinipa binti yake, imani hakunipa.

Kazi yake ni kuzuia volteji isianguke. Laini inatoka mbali, nasi tuko mwisho wake. Mota zikiwaka huvuta umeme mwingine usiokata mbao wala kusaga unga. Huenda na kurudi tu, ukiichosha laini. Yeye huingiza kapasita, makopo makubwa yanayoutoa umeme huo palepale usiagizwe mbali. Zikiisha hupandisha transfoma. Nayo ikifika mwisho, humkatia mtu umeme.

Mjini walinong'ona kwamba mimi hanikati. "Una mkwe kituoni, giza utalijulia wapi?" fundi cherehani alinitania, lakini macho yake hayakucheka. Nami nilikuwa na yangu: msumeno wa karakana yangu ya kupasua mbao ulikuwa ukikwama katikati ya gogo, nikahisi mama anakibeba kiwanda cha barafu.

Maneno yakamfikia mkuu wake. Akasema atakuja kukaa naye kutwa. Akiona upendeleo, kazi hana. Nikamwendea mama mapema na ofa yangu.

"Mama, leo nisiwashe mashine. Akiondoka, tutaendelea."

"Ili aseme nimekuonya? Washa zote. Na zile kapasita za ukutani kwako, zinafanya kazi?"

"Taa yake inawaka."

"Nani alizifunga?"

"Fundi mmoja. Tulielewana bei."

"Yaani ulimbana mpaka akalia. Haya, nenda."

Nikawasha. Jua lilipopanda, msumeno ukaanza kulegea, kisha kimya. Ng'ambo ya barabara cherehani inaendelea kulia. Fundi wake akatoa kichwa: "Mkwe, kulikoni?"

Nilifika kituoni nimefura. Mkuu hakungoja jioni, alikuwa anatoka. "Mama yako hana huruma," akaniambia, na nikajua kazi ya mama imepona.

"Mbona mimi wa kwanza?" nikamuuliza mama.

"Nilipokukata wewe, sindano ya mita ilipanda yenyewe. Wa barafu wana mota kukuzidi, na hawanisumbui hivyo. Kafungue makopo yako."

Nikayafungua. Nyaya za kapasita zilikuwa zinaning'inia. Fundi niliyembana bei alikuwa ameunga taa tu, ile ndogo ya kijani ya kunifurahisha macho. Nilimfuata kwake, nikamleta, nikasimama nyuma yake mpaka skrubu ya mwisho. Bei haikutajwa tena, wala yeye hakuthubutu.

Nikampigia mama simu. "Tayari. Nirudishie."

"Nitakurudishia baada ya wote niliowakata leo."

"Mama, mimi ni mkwe wako!"

"Ndiyo maana. Watu wananitazama."

Nikawaambia wapasuaji wafagie unga wa mbao, waende zao.