Koti la Mgeni Wetu

Ekipi, yaani timu ya mpira, ya mtaa wetu pale Baraka kando ya ziwa ilichagua ng'ombe dume kuwa alama yake. Vijana wawili waliingia ndani ya magunia yaliyoshonwa pamoja, wakafunga pembe mbele, na kwa kuwa ng'ombe hatembei peke yake, akatafutwa mtu wa kumchunga. Mtu huyo alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Tulilingana umri na tulikulia uwanja mmoja. Alivaa kofia ya gunia, akashika fimbo, akatembea kwa madaha kama wafugaji wanaoshuka toka milimani, huku akisema maneno yasiyo na maana ili yafanane na lugha yao. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Baada ya mechi chache magunia ya ng'ombe yalichanika, hakuna aliyeyashona. Mchungaji wa ng'ombe ndiye aliyebaki, na yeye akawa alama yetu.

Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba. Nilikaa kwenye benchi nikisikia jina la ndugu yangu likiimbwa na wasichana waliokuwa hawajui hata kama mimi niko kwenye ekipi. Kila aliposhangiliwa, niligeukia upande mwingine. Nilisema moyoni: huyu anajua nini juu ya watu wa juu, wale wafugaji wa milimani? Sisi ndio tunaye mgeni wa kwao.

Na kweli tulikuwa naye. Mzee mmoja mfugaji alifikia kwetu kila aliposhuka kuuza siagi sokoni. Alijuana na baba yangu kabla baba hajafariki, na hata baada ya msiba hakuacha kuja. Kwa sababu ya joto la ziwani, aliacha kwetu koti lake zito, kofia na fimbo, akaenda sokoni na shati tu. Jioni, kabla ya kunywa maziwa, alifumba macho akaomba, akitaja kila mtu wa nyumba yetu mmoja mmoja, polepole, huku kidevu kikimtetemeka.

Ilikuwa miezi ya mwisho ya nchi yetu kuitwa Zaire, kabla vita ya kwanza haijatufikia. Maneno mabaya juu ya watu wa juu yalishaanza kusemwa redioni na kwenye vijiwe. Sisi tulisema mpira ni mpira.

Siku moja ya soko tulicheza na vijana wa kijiji cha Swima. Nilimwendea kapiteni.

"Mi niko na koti ya kweli," nilimwambia. "Kofia ya kweli, fimbo ya kweli. Ile ya gunia iko ya batoto."

"Leta, tuone," akajibu.

Nilipotokea nimevaa vitu vya mzee, kiwanja kizima kililipuka kwa kicheko. Ndugu yangu alivua kofia yake ya gunia, akasimama pembeni. Nilimwangalia makusudi ili nione uso wake, na nilipoona hacheki, nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu. Nikataka kumzidi kabisa. Nikapiga magoti katikati ya kiwanja, nikainua kikombe cha bati, nikafumba macho na kuanza kuomba, kidevu kikitetemeka. Bamama waliokuja kushangilia waliangua kicheko wakapiga masufuria.

Kisha kicheko kikakatika upande mmoja. Nikafumbua macho. Mzee alikuwa amesimama kwenye mstari, kapu lake tupu mkononi.

Nilivua kofia. "Baba, iko mpira tu," nilisema. "Tuko tunabasifu. Ngombe iko nguvu, na bale bachungaji..."

"Kama iko sifa," akauliza taratibu, "juu ya nini batu banacheka?"

Nikaanza kuvua koti.

"Na ile maombi," akaongeza, "nani alikuonyesha?"

Akapokea vitu vyake, akalivaa lile koti zito kwenye jua lile, akaenda kumuaga mama. Usiku ule hakulala kwetu. Mama aliposikia habari yote aliniambia neno moja tu: "Alikuwa anakuombea we pia." Akaingia ndani.

Asubuhi ndugu yangu hakuonekana. Alirudi siku ya pili, miguu imejaa vumbi, na kibuyu cha maziwa mgongoni. Alikuwa amemfuata mzee njiani, akatembea naye hadi kwake juu kabisa, akaomba msamaha kwa ajili ya mechi zote alizowaigiza watu wake. Mzee alimwekea mkono kichwani. Mke wake akampikia.

Nilipaswa kuona haya. Niliona wivu. Mgeni alikuwa wa kwetu, kosa kubwa lilikuwa langu, na hata msamaha ndugu yangu aliufikia kabla yangu. Nilikataa kunywa yale maziwa.

"Alisema nini juu yangu?" nilimuuliza baada ya siku mbili.

"Hakukutaja."

"Hata kidogo?"

"Hata. Mi nilingoja akutaje, lakini hapana."

Nilijiambia nitamsubiri siku ya soko inayofuata. Hakuja. Ile nyingine pia hakuja, na hakuna mtu wa juu aliyeonekana tena sokoni. Kisha bunduki zikafika, na sisi tukavuka ziwa kwenda Tanzania. Kama mzee alipona au hakupona, sijapata wa kuniambia.

Kwenye kambi ya wakimbizi watu wa mtaa wetu waliendelea kubishana juu ya mchezo ule. Wengi walisema haukuwa na ubaya, ulikuwa utani wa vijana, na watu wa juu wana moyo mwepesi wa kuumia. Ndugu yangu aliwajibu: "Mi nilienda kumuuliza mwenyewe. Iliumiza." Wakaacha kubishana, kwa kuwa yeye alikuwa na haki ya kusema. Mimi nilikaa karibu naye, nikijua zaidi yake jinsi ilivyoumiza, na sikufungua mdomo. Nilimwangalia tu, na ule wivu wa kwenye benchi ulikuwa palepale.