Hili Niachie Mimi

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilikuwa chini ya ngazi, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti. Dari lilifuata mshazari wa ngazi, kwa hiyo kila aliyeketi upande wa ukutani aliinamisha kichwa kidogo kama anayeomba radhi. Mshauri mwenyewe, mama wa miaka arobaini na saba, alikuwa amekaa humo miaka kumi na mmoja. Kwanza walikuwa wawili. Mwenzake alipohamishiwa maktaba, wakubwa waliahidi kumletea mwingine. Mwaka ukapita bila mtu, na kilichobaki ni kabati la yule mwenzake tu, lililosukumwa nyuma ya mlango siku ile ya kuhama, na tangu hapo mlango ukawa haufunguki zaidi ya nusu.

Wanafunzi elfu nne, mtu mmoja. Walimjia wenye alama za mtihani zisizoonekana, waliogombana na wenzao wa bwenini, waliofiwa, na wengine waliotaka tu kukaa dakika kumi mahali ambapo hakuna anayewauliza kitu. Hao hakuwachoka. Kilichomchosha ni neno moja, mfumo. Mfumo haukubali, mfumo haujasoma, mfumo umelala. Mtu akishakwambia hivyo amenawa mikono, na wewe unabaki na mtoto wa watu mbele yako, machozi yanamlengalenga.

Jumatatu ya kwanza ya muhula, aliyeingia wa nne alikuwa binti wa mwaka wa tatu wa uuguzi. Mshauri alimkumbuka mara moja. Mwaka uliopita mama yake binti alipigwa na kiharusi, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Binti alikuja akitetemeka, akiogopa kupoteza nafasi yake ya chuo. Mshauri ndiye aliyemwandikia barua ya kuahirisha masomo, akamwonyesha pa kusaini, akaigonga muhuri mbele yake. Kisha akamwambia, "Nenda kamuuguze mama yako, mwanangu. Hili niachie mimi."

Sasa mama alikuwa anatembea kwa fimbo, na binti amerudi. Lakini dirishani kwa usajili alikuwa ameambiwa kwamba yeye si mwanafunzi. Mfumo ulionyesha kuwa ameacha chuo kwa hiari yake.

"Na usajili unafungwa Ijumaa," binti alisema.

Mshauri alimtuliza, akamwambia arudi kesho yake asubuhi. Halafu akafunga ofisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya watu wakiwa bado kwenye benchi, akapanda ghorofa ya pili.

Karani wa usajili alikuwa mzee mmoja mpole, miwani imepanda juu ya paji. Alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta kwenye majalada, akafungua hata boksi la barua za mwaka uliopita. Hakuna. Mshauri alimwambia aangalie tena. Akaangalia tena. Hapo mshauri, aliyejulikana chuo kizima kwa sauti yake ya taratibu, akaipandisha mbele ya foleni nzima. Alisema ofisi hii imekuwa tumbo la nyangumi, inameza barua za watu na haitapiki hata kipande. Alisema yeye anajenga, wao wanabomoa. Karani alishusha miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akamwita anayefuata.

Jumanne ikawa danadana. Kitivoni walisema nakala yao ingetoka usajili. Watu wa kompyuta walisema wao huingiza wanacholetewa. Katibu wa mkuu wa kitivo alisema subiri, bosi yuko kikaoni. Binti alimfuata nyuma kila mahali akiwa na bahasha ya vyeti vya hospitali kifuani, na kwenye ngazi, kwa kutaka tu kusema kitu, akamuuliza kama anajua wanafunzi wanamwitaje. Hakujua.

"Mama Subiri," binti alisema, kisha akaona haya. "Lakini wanakupenda."

Mshauri alicheka, ila kicheko hakikushuka tumboni. Siku hiyo hakula mchana.

Nyumbani alimwagia mumewe yote. Mume alikuwa fundi wa saa, mtu wa maneno machache, aliyezoea kusikiliza huku jicho moja limebana kioo. Alimwacha amalize, awataje wote waliostahili kutajwa, halafu akamuuliza daftari lake yeye la kupelekea barua linasemaje. Mshauri alimjibu kwamba yeye si mtoto wa shule, na kwamba kama angetaka kuhojiwa angebaki kazini.

Lakini swali lilimganda. Jumatano alifika kabla ya wafagiaji, akachukua daftari, akarudi nyuma hadi ile wiki ya barua. Ukurasa ulikuwa na barua kumi na nne, kila moja na saini ya aliyeipokea. Ya binti haikuwemo. Alisoma tena kutoka chini kwenda juu, kana kwamba ingejitokeza kwa upande huo. Ndipo akakumbuka kuwa ile ndiyo wiki mwenzake alipohamishwa, majalada yakabebwa mikononi, na mengine yakatupiwa kwenye kabati mpaka yatakapopatiwa nafasi.

Alilifungua kabati. Droo ya pili ilikwama, akaivuta huku mguu mmoja ameukaza ukutani. Barua ilikuwa humo, safi, imesainiwa, ina muhuri wake, na nakala zake mbili nyuma yake. Kibanio kilikuwa kimeota kutu na kuacha alama ya kahawia kwenye karatasi.

Alikaa chini. Jambo la kwanza lililomjia, tena hakulifukuza upesi, ni kwamba tarehe ilikuwa sahihi. Angeweza kupanda nayo juu, akaingia kwa yule karani mpole kwa shughuli nyingine, akaichomeka kwenye boksi. Kesho angemwomba atafute mara ya mwisho. Karani angeona aibu, binti angesajiliwa, na yeye angebaki mama wa watu. Aliipima njia hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuona shimo. Kilichomzuia si ushujaa. Ni yale maneno ya tumbo la nyangumi, aliyoyasema mbele ya foleni nzima, yalivyomrudia sasa na sura ya mzee wa watu akifuta miwani.

Binti alipoingia, mshauri alimwekea barua mezani na kumweleza yote, bila kuzunguka. Binti aliigusa ile alama ya kutu kwa kidole.

"Mwaka mzima mimi nililala vizuri kuhusu chuo," alisema. "Mama alikuwa akiniuliza, na mimi namwambia asiwe na wasiwasi, kuna mtu."

Mshauri aliomba msamaha. Binti aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea risiti.

Kwa karani alikwenda mwenyewe, foleni ikiwepo, kwa sababu alimkosea foleni ikiwepo. Karani alimsikiliza hadi mwisho, akasema amesikia, dada, na kwamba angeshukuru kama maneno hayo yangekuja kwa maandishi pia. Mshauri akayaandika palepale, amesimama, kalamu imefungwa kwa kamba.

Iliyobaki ilikuwa saini ya msajili. Msajili alisema kesi kama hiyo ni ya kamati, na kamati inakaa baada ya wiki tatu. Mshauri alimkumbusha kuwa usajili unafungwa kesho kutwa, kwamba kosa ni la ofisi na limekubaliwa kwa maandishi, na binti hana hatia. Msajili alisema utaratibu ni utaratibu.

Alhamisi mshauri alibandika karatasi kwenye mlango wake, akaenda kukaa kwenye viti vya nje ya ofisi ya msajili. Alikaa tangu saa mbili asubuhi. Viti vilikuwa vya plastiki, vimeunganishwa kwa chuma, na mtu wa mwisho akiinuka wote mnatikisika. Katibu alimwambia subiri kidogo, mara tatu, kwa upole uleule alioutumia yeye kwa wengine. Hakuna aliyemtukana. Alihisi tu anapungua, saa baada ya saa, mpaka akawa kama koti lililosahauliwa kitini. Saa nane mchana msajili alitoka kwenda kula, akamkuta. Saa tisa na nusu aliporudi, akamkuta.

"Wewe huna kazi?" msajili aliuliza.

"Ninayo. Ndiyo hii."

Labda alichoka kumwona, labda alikuwa na njaa kidogo ya kutenda jema. Alisaini akiwa amesimama mlangoni, karatasi ameiegemeza ukutani.

Ijumaa mchana binti akasajiliwa. Lakini makundi ya mazoezi wodini yalikuwa yamejaa tangu Jumatano, na kwa hilo hata msajili hakuwa na dawa. Ingebidi angoje muhula unaofuata, na amalize nusu mwaka nyuma ya wenzake. Zile siku mbili za kabla yake, mshauri alijua, ndizo alizozitumia kugombana na watu wasio na kosa.

Barua ya onyo kwake ilifika Jumatatu asubuhi, imeingizwa kwenye daftari la kila ofisi iliyopitia, nakala zote mahali pake. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuona barua ikitembea kwa kasi hiyo. Alijibu kuwa anaikubali, na kwenye karatasi nyingine akaomba msaidizi kwa mara ya tano. Alilipanga kabati, ikamchukua Jumamosi mbili. Alikuta barua nyingine moja ya namna hiyo, ya kijana aliyekwisha kuondoka chuoni. Namba yake ya simu haikupatikana tena. Aliipiga siku nne mfululizo.

Mwezi ulipopita, alikuwa kwenye foleni ya chai kantini akakutana uso kwa uso na binti, amevaa sare, vitabu mkononi. Walisalimiana. Mshauri alimuuliza hali ya mama.

"Ameanza kupika mwenyewe. Anakusalimia sana," binti alisema. Akahamisha vitabu mkono wa pili. "Habari ya barua haijui. Sikumwambia."

Akaaga kwa heshima, akaenda kukaa na wenzake. Mshauri alibaki na kikombe chake, asijue kama amesamehewa au amefichiwa aibu tu, na hakuwa na wa kumuuliza.